Gridi Haipangi Wimbo wa Enanga

Kupanga vipande vya sauti ni kuzifanya sauti zilizonaswa kwa vifaa tofauti, au kwa nyakati tofauti, zisikike kama tukio moja. Kwa rekodi za enanga, ala ya nyuzi ya Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, Tanzania, kazi hiyo huharibika mapema kwa swali moja: tempo yake ni ngapi? Swali hilo linaifaa biti iliyotengenezwa kwenye kompyuta. Mpigaji enanga huimba, akakatiza na kusimulia kwa maneno matupu, akaharakisha vita vya kisa vikipamba moto, kisha akatulia. Hana namba moja ya tempo, na hapaswi kubuniwa moja.

Juu ya swali hilo imejengwa imani kwamba kitufe cha programu ya kurekodi chenye alama ya sumaku kikiwashwa, kila kipande kikadakwa na mstari wa gridi ulio karibu, wimbo utanyooka. Hesabu ndogo inatosha kuivunja. Kwa tempo ya 90, mpigo mmoja huchukua milisekunde 667. Mpigo ukigawanyika mara tatu sawasawa, jambo la kawaida katika ngoma za Maziwa Makuu, mdundo wa pili huangukia milisekunde 222 na wa tatu 444. Gridi ya kawaida ya programu hugawa mpigo mara nne, na mistari yake iko 167, 333 na 500. Sumaku huurudisha mdundo wa pili nyuma hadi 167 na kuusukuma wa tatu mbele hadi 500. Nafasi tatu zilizolingana zinageuka kuwa 167, 333 na 167: fupi, ndefu, fupi. Mpigaji hakupiga hivyo. Kosa la karibu milisekunde 56 mchezaji hulihisi miguuni, na bado lawama humwendea mpigaji kwamba yuko nje ya biti. Hiyo ni dhuluma. Gridi ya mara tatu hupunguza kosa tu, kwa sababu mwendo wenyewe hubadilika kila mara.

Dawa hiyo hiyo ya sumaku hupewa ugonjwa usiohusiana nayo. Kwaya ya Kayanga au Nkwenda imepigwa video kwa simu, sauti ikanaswa kwa kinasa cha pembeni; mwanzoni midomo inalingana na maneno, mwishoni inapishana. Kila kifaa huhesabu sampuli kwa saa yake ya ndani. Saa mbili zikitofautiana sehemu 50 kwa milioni, baada ya dakika 60 pengo ni milisekunde 180, zaidi ya fremu tano za video ya fremu 30 kwa sekunde. Gridi haiwezi kuliziba pengo hilo, wala kompyuta mpya.

Kinachofanya kazi ni kifupi. Makofi mawili hupigwa mbele ya vifaa vyote, moja mwanzoni na jingine mwishoni. Sumaku huzimwa; wakati wa kuburuta kipande, Alt huizima kwa muda katika FL Studio, na Shift katika Reaper. Mawimbi hukuzwa, kofi likalinganishwa pale linapoanza, si kwenye kilele chake. Kofi la mwisho lisipolingana, treki nzima hunyooshwa au hufupishwa kwa tofauti hiyo ndogo. Mradi wenye video hubaki kwenye sampuli 48,000 kwa sekunde. Rekodi ya 44,100 ikisomwa kama 48,000 hukimbia kwa karibu asilimia 9 na sauti hupanda. Mkato huwekwa mawimbi yanapopita sifuri, ambapo Audacity hupapata kwa herufi Z, na vipande hupishanishwa kwa milisekunde 5 hadi 10. Biti ikilazimika kuongezwa, kila mpigo wa enanga huwekewa alama na ramani ya tempo hufuata alama hizo, ili mashine imfuate mpigaji. Maiki mbili zilizonasa enanga moja husikilizwa kwa mono: sauti ikikonda, treki moja husogezwa kidogo kidogo, chini ya milisekunde moja kila mara, hadi unene urudi.