Maandamano yakiisha, nani anabaki na majeruhi?

Mtu akipigwa risasi ya paja kwenye maandamano, picha yake hukaa kwenye simu zetu siku mbili, tatu hivi. Halafu stori nyingine inaingia. Yeye naye ndiyo kwanza anaanza. Kuna upasuaji, kuna chuma ndani ya mfupa, kuna magongo, kuna kliniki za kurudi kila mara, na kila kliniki ina nauli yake. Tena si nauli ya matatu, maana hakuna makanga atakuachia viti viwili unyooshe mguu. Ni teksi, kwenda na kurudi. Kama alikuwa mtu wa mjengo ama wa boda, kazi imesimama. Kodi ya nyumba haijasimama.

Juni 2024, wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu (KNCHR) ilihesabu watu 39 waliouawa na 361 waliojeruhiwa kufikia Julai 1. Idadi ya waliouawa ilipanda baadaye. Hao tumewaimbia, tumewawashia mishumaa, majina yao tumeyaandika kwenye mabango, na ilikuwa lazima. Leo lakini stori yangu ni ya hao 361, na zaidi ni ya watu waliobaki nao wakati sisi wengine tulikuwa tumerudi kwa shughuli zetu.

Tukiongea kuhusu 2024 tunapenda kusema ilikuwa ni TikTok, X na hasira ya vijana. Ni kweli, lakini hasira haifungi kidonda. Chini ya zile video kulikuwa na kazi nyingine ikiendelea. Ile Jumanne ya Juni 25, watu walipoingia Bunge na risasi zikalia, madaktari na wauguzi wa kujitolea waliojiita Medics for Kenya walikuwa tayari mtaani. Msikiti wa Jamia, hapo katikati ya jiji, uligeuka kituo cha kutibu majeruhi, na hakuna aliyekuwa anauliza mtu dini yake mlangoni. Mawakili wa Chama cha Mawakili (LSK) walikuwa wanazunguka vituo vya polisi kutafuta walioshikwa. Kulikuwa na wito wa kutoa damu. Mwanahabari Hanifa Adan akaongoza mchango mtandaoni kwa ajili ya majeruhi na familia za waliouawa, na ukavuka shilingi milioni 20, watu wakituma walichonacho, mwingine soo moja tu.

Siku iliyofuata Rais Ruto akasema hatatia sahihi mswada. Hiyo tarehe tunaikumbuka kama ushindi. Wodini ilikuwa ni siku ya kwanza ya bili.

Sasa, kuchanga si kitu kipya Kenya. Sisi ni nchi ya harambee. Jomo Kenyatta alilifanya neno la taifa mwaka wa 1963, na shule nyingi wazazi wetu walizosomea zilijengwa hivyo. Lakini tunajua pia harambee iligeuka nini. Mheshimiwa anafika amechelewa, anapewa maikrofoni, anatangaza laki mbili, na makofi yake yanadumu hadi uchaguzi ujao. Anayepewa anabaki na deni la heshima. Ndiyo maana vijana walikasirikia hata pesa za wanasiasa makanisani, mpaka Julai 2024 Rais akatangaza marufuku ya maafisa wa serikali kushiriki harambee.

Mchango wa watu wa harakati ni kitu tofauti, na tofauti si kiasi. Tofauti ni kwamba leo mimi natuma, kesho natumiwa. Hakuna anayekaa jukwaani. Ni kama chama cha akina mama wa ploti, ila mzunguko wake haufuati kalenda, unafuata balaa. Aliyeangukiwa ndiye zamu yake.

Na haikuanza na Gen Z, samahani. Ukienda Mathare, Dandora, Kayole ama Githurai utakuta vituo vya haki za kijamii ambavyo vimekuwa vikifanya hii kazi miaka mingi, bila sisi kujua. Kile cha Mathare, Mathare Social Justice Centre, kilianza katikati ya miaka ya 2010, na mwaka wa 2017 kikatoa ripoti kuhusu vijana wanaouawa na polisi mtaani. Ripoti ni sehemu moja ya kazi. Sehemu nyingine ni akina mama. Mama ambaye mwanawe ameuawa anakutana na mama mwingine wa hivyo hivyo, wanaenda kortini pamoja, wanakaa benchi moja kesi ikiahirishwa mara ya sita, wanarudi pamoja. Wana mtandao wao, Mothers of Victims and Survivors Network. Kuna pia vijana wa hapo Mathare wanaopanda miti kuwakumbuka wenzao waliouawa, chini ya Mathare Green Movement. Mti unahitaji mtu wa kuumwagilia maji, na Mathare maji ni ya kununua kwa mtungi. Fikiria hiyo hesabu.

Halafu kumbuka Aprili 2024, miezi miwili kabla ya maandamano. Mto Mathare ulifurika usiku na kubeba nyumba na watu. Mei serikali ikaja na matingatinga kubomoa nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni, na ikaahidi kila familia shilingi 10,000. Shilingi elfu kumi, Nairobi, kuanza maisha. Vikundi vya mtaa ndivyo vilitoa sufuria, vikatafuta blanketi, vikagawa nguo na pedi. Kwa hivyo Juni ilipofika, kuna watu walikuwa tayari wanajua nani ana sufuria kubwa, nani ana pikipiki, nesi gani wa mtaa hachoki kupigiwa simu usiku. Huwezi kupanga hayo siku risasi zinalia. Yanapangwa wakati wa mafuriko, wakati wa matanga, wakati mtoto wa jirani amefukuzwa shule.

Ukirudi nyuma zaidi kuna 1992. Februari 28 mwaka huo, akina mama wa wafungwa wa kisiasa pamoja na Wangari Maathai waliingia Uhuru Park na kuanza mgomo wa kutokula, wakidai wana wao waachiliwe. Machi 3 polisi wakawavamia kwa rungu na vitoa machozi, na baadhi ya wale mama wakavua nguo mbele yao. Hiyo sehemu kila mtu anaijua. Isiyosimuliwa sana ni kwamba baada ya hapo walihamia kanisa la All Saints Cathedral, hatua chache kutoka hapo, wakakaa karibu mwaka mzima. Mwaka mzima ni kulala, kuoga, kufua, kuugua malaria, kugombana kidogo na kusameheana. Kuna watu waliwezesha hayo yote na majina yao hatuyajui. Wafungwa karibu wote walikuwa nje kufikia mapema 1993.

Nikusimulie kidogo hii kazi inavyoenda, maana wengi wetu tunajua kutuma pesa tu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ikinishinda, kwa hivyo sheria nimeiokota hivi hivi, kwa kukaa karibu na watu wanaoijua. Mtu akishikwa, kitu cha kwanza ni kujua yuko wapi. Ndiyo maana unaona watu wakienda maandamano na namba ya wakili imeandikwa kwa kalamu mkononi: simu inaweza kuchukuliwa, mkono hauchukuliwi. Mwingine anabaki nyumbani na orodha ya majina, kazi yake ni kupiga simu jioni kuuliza umefika. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema lazima ufikishwe kortini ndani ya saa 24, isipokuwa kama saa hizo zimeishia wikendi ama nje ya saa za korti. Ndiyo sababu kushikwa Ijumaa ni mbaya kuliko kushikwa Jumatatu. Hizo siku za seli, kuna mtu lazima apeleke chakula, sweta, na dawa kama aliyeshikwa ana pumu ama sukari.

Korti ikitoa dhamana ya pesa taslimu, mchango unaingia. Kitu ambacho watu wengi hawajui ni kwamba hiyo pesa inarudi kesi ikiisha, mradi mshtakiwa amekuwa akifika kortini. Inarudi kwa jina lililo kwenye risiti. Kikundi chenye akili huandika jina la mtu wanayemwamini, hutunza risiti, na pesa ile ile ikirudi inamtoa mtu mwingine. Kikundi kisicho na mpango hupoteza risiti na kuanza kuomba upya. Nimeona watu wakikosana zaidi kwa sababu ya risiti kuliko kwa sababu ya siasa.

Aliyejeruhiwa anahitaji fomu ya P3 ijazwe, la sivyo kesho hakuna ushahidi kwamba aliumia. Kuirudisha kituo kile kile ambacho huenda aliyekupiga anafanya kazi hapo si jambo la kwenda peke yako. Kuna mtu wa kukusindikiza. Aliyeuawa naye anahitaji mpasuaji huru awepo wakati wa uchunguzi wa maiti, na mashirika kama Independent Medico-Legal Unit yamekuwa yakisaidia familia kwa hilo. Familia ikizika haraka kwa sababu bili ya mochari inapanda kila siku, ushahidi umezikwa pia. Kwa hivyo hata kulipa mochari siku nne zaidi ni kazi ya haki. Haipendezi kwenye bango, lakini kesi inaweza kusimama ama kuanguka hapo.

Sasa upande ambao hatupendi kuuongelea. Angalia nani yuko kwenye maikrofoni na nani yuko kwenye sufuria. Mara nyingi mwanaume anaongea kuhusu ukombozi, na msichana wa rika lake anakata sukuma ya watu themanini, kisha anaosha vyombo, kisha anaambiwa hakuwa mstari wa mbele. Anayepigiwa simu saa nane usiku kwa sababu mtu ana jinamizi la milio ya risasi ni yeye pia. Kazi ya kutunza ikiachiwa watu watatu, hao watatu wanaungua. Wanaacha kujibu simu, wanahama mtaa, na tunawaita wasaliti.

Vikundi vinavyodumu vina mambo fulani ya kawaida kabisa. Zamu ya jikoni iko kwenye karatasi ukutani, na majina ya wanaume yapo. Hesabu ya mchango inawekwa kwenye grupu kila wiki, hata kama ni shilingi 300 zimeingia, na wanaotoa pesa M-Pesa ni wawili, si mmoja. Mkutano unaanza kwa kuuliza nani hajala. Mtu akisema amechoka anapewa mwezi wa kupumzika na harudishwi kwa aibu. Na kuna kitu kingine nimependa: wanaosaidiwa hawapigwi picha wakipokea unga. Wanasiasa ndio hupiga picha ya unga.

Kuna wasee watasema hii yote inaipunguzia serikali mzigo, kwamba hospitali na fidia ni kazi yake na tukijilipia tunaizoesha vibaya. Wana hoja, na fidia lazima idaiwe kortini hadi mwisho. Shida ni kwamba kesi hizi huchukua miaka, na mfupa hausubiri hukumu. Anayedai fidia akiwa na njaa atakubali chochote atakachoongezewa mezani. Aliyeshiba na aliye na watu nyuma yake anaweza kukataa. Waulize wale mama wa 1992.

Kuna waliopigwa risasi ambao bado wana chuma mwilini, na kukitoa ni upasuaji mwingine, na kurudi tena kwa magongo. Hakutakuwa na alama ya reli ya kusambaza mtandaoni siku hiyo. Watu ishirini kwenye grupu moja la WhatsApp wakituma shilingi 50 kila Ijumaa, hiyo ni 1,000 kwa wiki, 4,000 kwa mwezi. Kwa mtu anayekaa Kayole, hiyo inatosha teksi ya kliniki kwenda na kurudi, na salio la unga. Anayeshika hiyo pesa asiwe mmoja. Na risiti zipigwe picha.