TAYA LA MTOTO NA DAWA INAYOCHAGUA



Mkata miwa mmoja, mwanachama wetu wa upande wa Jinja, alikuwa na mtoto wa miaka 6 aliyevimba taya. Meno yakalegea. Wakampeleka kwenye kliniki ya karibu, jino moja likang'olewa. Wiki ya pili likang'olewa jingine. Uvimbe ukazidi, jicho likaanza kusukumwa. Zilipita wiki tano kabla ya mtu kuwaambia waende hospitali kubwa. Huko ndiko walikoambiwa kwamba shida haikuwa jino. Ilikuwa kansa, ambayo wengine huiita saratani.

Baba yule aliniuliza mambo mawili: "Ndugu, dawa ipo? Na kazi yangu itakuwaje?" Nilimjibu nilivyoweza siku ile. Tangu hapo nimeuliza waganga na kusoma. Leo nawajibu nyote, kwa kuwa kila mmoja wetu ana mtoto, au wa ndugu yake.

UGONJWA ULIOONEKANA HAPA KWETU

Mwaka 1957 daktari mpasuaji wa Mulago, Denis Burkitt, mtu wa Ireland, alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya pande zote. Hakuelewa ni ugonjwa gani. Wiki chache baadaye alikuja hospitali ya Jinja. Akiwa ndani, alitazama dirishani akaona mtoto ameketi na mama yake kwenye majani, ana uvimbe wa namna ile ile. Hapo akajua kwamba mambo haya mawili si bahati tu. Mwaka 1958 aliandika habari zake, na leo dunia nzima huiita kansa hiyo kwa jina lake: limfoma ya Burkitt.

Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari maili 10,000 hivi, kutoka Kampala mpaka kusini mwa Afrika, wakiuliza kila hospitali. Waliona kwamba ugonjwa huu unapenda nchi ya joto na mvua, yaani nchi ya malaria. Karibu na ikweta, penye mwinuko wa mita 1,500 na zaidi ulikuwa adimu. Watu wa Mbale mtaelewa upesi: hewa ya juu mlimani Masaba si hewa ya chini bondeni.

Vipande vya uvimbe vilipelekwa kwa ndege kutoka Kampala mpaka London. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake waliona humo kirusi kipya. Kirusi hicho wamo nacho watu wengi sana duniani, na wengi hakiwadhuru. Lakini mtoto anayepigwa na malaria mara kwa mara, kinga ya mwili wake huchoka, na chembe za damu zilizo na kirusi zaweza kuasi. Basi hapa hakuna uchawi, wala mtoto hamwambukizi mwenzake kansa.

DAWA ZA KWANZA NA DAWA MPYA

Huko Mulago, miaka ya 1960, ilionekana kwamba baadhi ya watoto hawa walipona kwa dawa peke yake, bila kisu. Mwaka 1967 kilifunguliwa kituo cha kuwatibu, ambacho ndicho chanzo cha Taasisi ya Kansa ya Uganda ya leo.

Dawa hizo ni nzuri, na mpaka leo ndizo nguzo. Lakini ni kama moto shambani. Moto hauchagui gugu na mmea. Dawa huua chembe zinazokua haraka, za kansa na za mwili pia. Ndiyo maana mgonjwa hunyonyoka nywele, hutapika, na damu yake hupungua.

Dawa mpya zafanya kazi kama mpaliliaji mwenye macho, anayelijua gugu kwa jani lake. Mwili wenyewe hutengeneza kingamwili, yaani askari wa damu, na kila mmoja hushika adui wa alama moja tu. Mwaka 1975, huko Cambridge, Uingereza, Georges Köhler na César Milstein waligundua jinsi ya kutengeneza askari wa namna moja kwa wingi. Kutokana na kazi hiyo ikaja dawa iitwayo rituksimabu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1997. Hiyo hushika alama iliyo juu ya chembe za kansa hii, kisha mwili huziangamiza. Dawa hiyo hiyo hutumika pia kwa watu wazima ambao kinga ya mwili imegeuka kula viungo vyao, magoti na vidole vikavimba.

Je, yafaa kweli? Mwaka 2020 yalitolewa matokeo ya uchunguzi kwa watoto wa Ulaya, Amerika ya Kaskazini na kwingineko, wenye kansa za aina hii zilizokwisha kuenea. Waliopewa dawa za zamani peke yake, kama 82 katika kila 100 walikaa salama miaka 3. Walioongezewa rituksimabu, kama 94. Karibu nasi, huko Lilongwe, Malawi, ilijaribiwa kwa watu wazima wenye kansa ya jamaa moja na hii, na mwaka 2021 waganga walieleza kwamba yaweza kutolewa kwa usalama katika hospitali ya Afrika.

Lakini tusidanganyane. Alama ile imo pia juu ya chembe nzima za kinga, nazo hufa kwa muda. Mgonjwa huwa mwepesi kushikwa na maradhi. Mwenye homa ya ini ya aina ya B yaweza kumwamkia vibaya, kwa hiyo damu hupimwa kwanza. Na bei ni mzigo, ingawa Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2015, na viwanda vingine, hata vya India, sasa vinatengeneza za namna hiyo kwa bei ya chini.

JIBU LA SWALI LA PILI

Kansa hii yaweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili. Dawa yoyote, ya zamani au mpya, haishindi wiki tano zilizopotea. Mtoto akivimba taya au tumbo, au meno yakilegea bila sababu, nenda hospitali ya rufaa ya Jinja au Mbale, na useme wazi: "Nataka apimwe kansa." Na chandarua kisikose kitandani.

Na kazi? Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi anayeugua mwenyewe mshahara kamili wa mwezi wa kwanza. Lakini hapa anayeugua ni mtoto, na matibabu ni ya miezi. Baba yule alimaliza likizo yake ya mwaka, kisha akaogopa kuomba zaidi. Basi hili ni la kuandikwa ndani ya mapatano yetu na waajiri: likizo ya kumuuguza mtoto, na nauli ya kwenda Mulago. Katika mkutano wa tawi ujao, kila mjumbe alete hesabu ya wazazi walio katika shida hii mahali pake pa kazi. Mmoja akiomba peke yake, huambiwa arudi kesho. Mtoto huyu hana kesho ya kungoja.