Kabla hujashuka duarani

Kijana wa Songwa, mkoani Shinyanga, akimaliza kidato cha nne, hupewa jibu la kazi kabla hajauliza. Mgodi wa almasi wa Mwadui uko jirani, na familia nyingi za Kishapu zimekula mshahara wake tangu John Williamson alipouanzisha mwaka 1940. Rashi ya dhahabu ikisikika Geita au Kahama, wenzake wanapanda basi. Nyumbani kuna pamba na ng'ombe. Akisema anatafuta kazi itakayomridhisha, wakubwa huona anadeka.

Mimi sioni deko hapo. Mwanasaikolojia wa Marekani Donald Super, aliyechunguza kwa miaka mingi jinsi watu wanavyoingia kazini, aliuita umri wa takriban miaka 15 hadi 24 kipindi cha kutafuta. Kujaribu hili na kuacha lile katika umri huo ni sehemu ya kukua. Kinachoniumiza ni kijana kuzunguka miaka yote hiyo bila mtu wa kumwonyesha nini cha kutazama.

"Unapenda kazi gani?" ni swali gumu kwa mtu ambaye ameona kazi nne au tano tu. Afadhali aichunguze kazi yenyewe. Katika miaka ya 1970, watafiti Richard Hackman na Greg Oldham walitaja mambo matano yanayofanya kazi imguse anayeifanya: inatumia ujuzi wa namna mbalimbali, unaishika mwanzo hadi mwisho, unajua inamfaa nani, una uhuru wa kuamua, na unayaona matokeo yake. Cheo hakimo. Mshahara nao haumo, ingawa kwa anayesomesha wadogo zake ni jambo zito na hakuna haja ya kumhubiria.

Sasa kwa mambo hayo tuipime kazi ya duarani, yaani kwenye shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu. Kijana anashuka kwa kukanyaga miti ya matimba, anagonga mwamba, mawe yanapandishwa kwenye viroba. Yanasagwa kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, unga unaoshwa mwaloni, mahali pa kuoshea, na mara nyingi dhahabu inanaswa kwa zebaki. Mgao unakuja mwishoni: mwenye leseni, mwenye duara, wachimbaji. Jiwe likikosa dhahabu, aliyechimba ameambulia chakula tu. Uhuru fulani upo, na siku ya kupata matokeo huonekana kweli kweli, ndiyo maana vijana wanarudi. Wapo pia wanaojifunza kuusoma mkanda wa dhahabu ndani ya mwamba, na ujuzi wao ni wa kuheshimiwa. Lakini mbeba viroba anaweza kumaliza miaka mitano akiwa na ujuzi uleule wa mwezi wa tatu, na vumbi la mawe tayari limo kifuani.

Pale pale kwenye karasha yupo mwingine: fundi. Injini ya dizeli ikigoma, anaisikiliza, anaifungua, anagundua kilichoharibika, anachomelea panapohitaji, anaiwasha. Ndani ya saa chache mambo yote matano yamepita mikononi mwake, na kundi zima lililokuwa limekaa kando limerudi kazini. Rashi ikihama, ujuzi huo utamlisha kwenye mashine ya kusaga mahindi.

Jambo hilo la mwisho watafiti wale hawakuliweka kwenye orodha, nami kwa ukanda huu naliongeza: mgodi ukisimama, nitaondoka na nini? Mwadui ilisimamisha uzalishaji mwaka 2020 soko la almasi lilipoanguka wakati wa korona. Novemba 2022 ukingo wa bwawa lake la tope ukapasuka, kazi ikasimama tena. Buzwagi, kule Kahama, ilifika ukomo mwaka 2021. Dereva wa mitambo au fundi umeme alitoka na kitu cha kumwonyesha mwajiri mwingine.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada popote, omba kukaa na mtu wa kazi hiyo siku kadhaa. Mtazame hasa siku mbaya, kifaa kinapokosekana au mteja anapofoka. Ukiona bado unatamani kushika spana, hiyo ni taarifa nzuri kuliko ndoto.

Na aliyekwisha jifunzia ufundi mtaani asidhani amechelewa. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa: unapimwa kwa vitendo, unaongezewa mafunzo pale ulipopungukiwa, unapewa cheti. Kwa wa Songwa, chuo kimojawapo cha kuuliza ni kile cha VETA cha Shinyanga mjini. Nenda ukiwa tayari kueleza kazi ulizozifanya na vifaa unavyovimudu.