Neno «leave»: kuondoka, kuacha, kubaki



Mama mmoja jirani yetu alikwenda ofisini kuomba jina la mume wake liongezwe kwenye karatasi ya familia. Mume alikuwa amefika kutoka Rutshuru baada ya miaka mingi ya kupotezana. Karani akafungua faili, akamwambia: «Mama, hapa imeandikwa kwamba mliachana.» Mama akashika kichwa. Siku ya kuandikishwa foleni ilikuwa ndefu, mkalimani hayupo, akaona ajisaidie kwa Kiingereza chake kidogo. Alisema: «I left my husband.» Yeye alitaka kusema kwamba mume alibaki nyuma. Aliyeandika alisikia kwamba mama amemkimbia mume wake. Kusahihisha sentensi hiyo moja kumemchukua wiki nyingi na safari nyingi za miguu.

Kwa sababu hiyo katika darasa letu tumelichukua neno hili «leave» peke yake, na hapa nawaandikia tuliyojifunza.

Shida yake ni kwamba Waingereza wanatumia kitenzi kimoja mahali ambapo sisi tuna viwili au vitatu. Waliosoma kwa Kifaransa wataelewa upesi: «leave» ni partir, ni quitter, na ni laisser, yote pamoja. Wakati uliopita ni «left». Lakini baada ya «did» linarudi kuwa «leave»: «When did you leave?» Usiseme «When did you left?»

Tuanze na kuondoka mahali. Wengi wetu tulivuka mpaka wa Bunagana mwezi wa 7 mwaka 2012, M23 walipouteka mji ule. Kwa Kiingereza utasema: «We left Bunagana in July 2012.» Jina la mahali linafuata papo hapo. Sisi tunapenda kuingiza «from», kwa kuwa kwetu mtu anatoka Bunagana. Kosa hilo ni dogo, utaeleweka.

Kosa kubwa ni kuweka «for». «I left Rutshuru» maana yake niliondoka Rutshuru. «I left for Rutshuru» maana yake niliondoka mahali pengine nikaenda Rutshuru. Neno lenye herufi tatu tu limegeuza safari yako yote! Fikiria mtu anayeulizwa kama amewahi kurudi Kongo tangu alipokimbia, naye anajibu hivyo. Kama unataka kutaja pande zote mbili, sema: «I left Rutshuru for Uganda.» Ulikotoka kunatangulia, ulikokwenda kunakuja baada ya «for».

Sasa kuacha mtu. Hapa ndipo mama yetu alipoanguka, na wala si Kiingereza peke yake chenye mtego huu. Hata kwetu ukisema «nilimwacha mume wangu» bila kuongeza neno, watu watauliza mahari ilirudishwa lini. Kwa hiyo usiishie kwenye jina la mtu. Taja mahali: «I left my husband in Rutshuru.» Bora zaidi uache kabisa neno hili useme: «My husband stayed in Rutshuru.» Na kama mlipotezana njiani kwa sababu ya risasi, sema hivyo: «We lost each other on the way.» Hapo hakuna atakayefikiri talaka.

Kwa mtoto ni vilevile, tena kwa uangalifu zaidi. «I left my child» inasikika kama umemtupa. Sema ulimwacha kwa nani: «I left my child with my mother.»

Jambo la tatu ni matamshi. «Leave» lina i ndefu, kama tunavyovuta katika «siku nyiiingi». «Live», yaani kuishi, lina i fupi iliyokatwa. Sisi tunayatamka sawa. Mtu akiuliza «Where do you live?», jibu ni «I live in Juru» au «I live in Rubondo». Ukivuta ile i, unamwambia unaondoka. Katika kuandika ni mbaya zaidi, kwa sababu karatasi haina sauti ya kukutetea. Nimeona barua ya kuomba kazi ya ualimu imeandikwa «I leave here since 2012». Sahihi ni «I have lived here since 2012.»

Pia «left» ni kushoto, na tena ni kilichobaki. Siku moja ya mgao mzee mmoja aliambiwa «No soap left». Akaenda upande wa kulia, maana amesikia kushoto hakuna sabuni. Tulicheka naye, lakini sabuni ilikuwa imekwisha pande zote.

Mwisho, ukifika kliniki ukaambiwa «The nurse is on leave», muuguzi yuko konji, atarudi. Hakuacha kazi.

Kwa wanaosubiri mahojiano: kujua Kiingereza kidogo si sababu ya kukosa mkalimani. Ni haki yako kumwomba, hata kama foleni ni ndefu na watu nyuma yako wananung'unika. Omba pia usomewe yaliyoandikwa kabla ya kuweka sahihi au kidole, na ukisikia «left» mahali popote, simamisha, uliza: aliyeondoka ni nani, na alikwenda wapi?

Darasa linaendelea Jumanne na Alhamisi baada ya saa kumi. Akina mama wenye watoto wachanga waje nao. Leteni sentensi zenu wenyewe, hasa zile zilizowaletea shida, tuzitengeneze pamoja.