Kulika na Kutengenezwa kwa Shokomzoba za Vigari vya Redio

Kwa mtu asiyeuzoea mchezo huu, kundi la watu wazima waliosimama juu ya jukwaa, kila mmoja na rimoti yake mkononi, wakishindanisha vigari vyenye urefu wa dhiraa moja hivi katika kiwanja cha udongo chenye matuta na makorongo, huonekana kama watu waliokataa kuuaga utoto. Lakini akipewa fursa ya kukipindua kigari kimojawapo na kukikagua tumboni, atatambua kwamba aliyekibuni hakufanya mzaha, kwa maana zimo humo difu, mikono ya kubebea magurudumu, na shokomzoba 4 za mafuta, zote zikitenda kazi ile ile zitendayo katika gari la kweli. Makala haya yatahusu shokomzoba peke yake, kwa sababu katika bagi, yaani kigari kilichoundwa kwa mashindano ya njia mbovu, hapana kiungo kiteswacho zaidi ya hicho, wala hapana kisahauliwacho upesi zaidi.

Vigari vingi vya zamani, hasa vile vya bei nafuu, vilikuwa na springi tupu, na springi isiyo na kitu cha kuituliza hurudisha kwa ukali ule ule kila inachopokea, hata kigari kikawa kinarukaruka kama mbuzi kwenye njia ambayo mwenziwe anaipita kwa utulivu. Mwaka 1979 kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, nchini Japani, ilitoa kigari kiitwacho Sand Scorcher, chenye umbo la Volkswagen ya mgongo wa kobe iliyotayarishwa kwa kukimbia mchangani, nacho kilikuja na shokomzoba za mafuta zilizopendwa kwa uzuri wake na kulaumiwa kwa kuvuja. Kisha mwaka 1984 Wamarekani wa kampuni ya Team Associated, huko California, wakatoa RC10, ambayo fremu yake ya alumini yenye rangi ya dhahabu ingali ikitambulikana na wapenzi wa mchezo huu hadi leo, na shokomzoba zake za silinda za alumini zikawapa washindani kitu wanachoweza kukifungua, kukisafisha na kukirekebisha watakavyo. Mwaka uliofuata, katika mashindano ya ubingwa wa dunia yaliyofanyika Del Mar, California, Jay Halsey alitwaa ubingwa wa vigari vinavyosukumwa na magurudumu mawili akiwa na RC10. Na tangu zama hizo fundi wa bagi amekuwa, apende asipende, fundi wa shokomzoba.

Muundo wa chombo hiki si mgumu kufahamika. Ni silinda ndogo iliyojazwa mafuta ya silikoni, na ndani yake huingia fimbo nyembamba ya feleji, ambayo katika bagi za kipimo cha 1/10 unene wake ni milimita 3 au zaidi kidogo. Mwisho wa fimbo imefungwa pistoni ya plastiki iliyotobolewa vitundu, na mafuta hayana njia nyingine ya kutoka upande mmoja wa pistoni kwenda upande wa pili ila kupitia vitundu hivyo. Springi iliyoko nje hubeba uzito wa kigari na kupokea kishindo cha kutua, na mafuta yanayolazimishwa kupenya tunduni huunyonya mshindo ule na kuugeuza joto, ili springi isipate nafasi ya kuurudisha wote. Kule chini, fimbo inapotokea nje, huzuiwa na pete mbili ndogo za mpira zinazoyafungia mafuta ndani na kulifungia vumbi nje. Na juu, chini ya kifuniko, katika shokomzoba nyingi kuna utando laini wa mpira unaobonyea fimbo inapoingia, kwa sababu fimbo iingiapo huchukua nafasi ya mafuta, na mafuta hayakubali kushindiliwa.

Basi mtu akishaufahamu muundo huu, atafahamu pia mahali ambapo uharibifu huanzia. Fimbo itokapo nje hubaki na utando mwembamba sana wa mafuta juu yake, na utando huo hunasa ghubari la kiwanjani; fimbo ikirudi ndani, pete ya mpira hulipangusa ghubari hilo, lakini chembe chache hubaki zimejikita katika mpira wenyewe, na toka saa hiyo pete iliyowekwa kuilinda fimbo huwa ndiyo msasa wa kuisugua. Mikwaruzo ya kwanza haionekani kwa macho, bali huhisika kwa ukucha. Kisha mikwaruzo nayo huila pete, na pete iliyolika hupitisha mafuta, na mafuta yakipungua hewa huingia mahali pake. Wakati huo huo, ndani ya silinda, pistoni husugua kuta za alumini, na unga wa alumini na wa plastiki huyageuza mafuta yaliyokuwa meupe kama maji yakawa ya kijivu, kisha meusi. Mafuta meusi ni ushahidi usiopingika kwamba kuna kitu kinacholiwa, na mwenye kuyatazama akasema kwamba yangali yanafaa anajidanganya nafsi yake.

Aina ya kiwanja huamua aina ya maradhi. Katika viwanja vya wazi vyenye udongo mkavu, adui ni vumbi, na ndiyo sababu bagi kubwa za kipimo cha 1/8, ambazo fainali yake ya ubingwa wa dunia huchukua saa nzima, aghalabu huvalishwa fimbo zake viatu vya mpira vyenye mikunjo. Ilhali katika viwanja vya ndani vilivyotandikwa zulia au majani ya bandia, vilivyoenea sana huko Ulaya, vumbi ni haba, lakini magurudumu hushika ardhi kwa nguvu na kutua ni kugumu, hata fimbo ikapindika na pistoni ikapasuka kabla pete hazijachoka.

Hapa ndipo nisemapo lile ninaloliamini. Washindani wengi, waonapo bagi yao inapiga tumbo chini kila inapotua, au inavutwa upande mmoja katika kona, hukimbilia kubadili namba ya mafuta, ugumu wa springi na pembe za magurudumu, wakinakili vipimo vya bingwa fulani aliyeshinda katika kiwanja fulani, na hali shokomzoba zao za kulia na za kushoto hazilingani hata kidogo, moja ikiwa imejaa mafuta na nyingine imejaa hewa. Vipimo vya bingwa ni vya shokomzoba zilizo zima. Ukiviweka juu ya shokomzoba zilizochakaa hupati gari la bingwa, bali hupata hitilafu mpya iliyopandishwa juu ya ile ya zamani. Kwa hiyo utengenezaji hutangulia urekebishaji, na mara nyingi, utengenezaji ukishafanyika kwa uaminifu, haja ya urekebishaji hupungua sana.

Uchunguzi wake hauhitaji zana za thamani. Iondoe springi, ushike silinda kwa mkono mmoja na usukume fimbo taratibu kwa mkono wa pili: iliyo nzima huenda kwa ulaini usiobadilika toka mwanzo hadi mwisho, na ile iliyokwisha kuingiwa na hewa hutoa sauti ya chubwi-chubwi na kulegea ghafla kila mwendo unapogeuka. Ikikwama mahali pamoja daima, shuku kwamba fimbo imepinda. Itoe uiviringishe juu ya kioo, na mwanga ukionekana na kutoweka chini yake kwa zamu, jua kwamba imekwisha. Wapo wanaojaribu kuinyoosha fimbo iliyopinda. Mimi sioni faida ya taabu hiyo, kwa maana iliyonyooshwa kwa nyundo hainyooki kwa kiasi kinachotakiwa, na pete mpya ikiwekwa juu yake italika kwa siku chache. Vivyo hivyo kwa fimbo iliyokwaruzika: dawa yake ni kuibadili, na mwenye uwezo anunue ile iliyopakwa titani naitraidi, yenye rangi ya dhahabu, ambayo ngozi yake ni ngumu zaidi kuliko feleji tupu.

Katika kufungua, kosa litokealo zaidi ni la koleo. Kichwa cha plastiki kilichoko mwisho wa fimbo, kile kinachoshika gololi ya kwenye mkono wa gurudumu, huwa kimekazwa, na fundi mwenye pupa huibana fimbo katikati kwa koleo la meno ili aking'oe. Kwa tendo hilo moja huwa amefanya uharibifu ambao vumbi lingeufanya kwa msimu mzima. Fimbo na ishikwe kwa koleo lenye taya laini lililotengenezwa kwa kazi hiyo, au izungushiwe kitambaa kinene na kushikwa karibu kabisa na hesi, mahali ambapo pete haifiki. Kichwa chenyewe nacho kikaguliwe, kwani tundu la gololi hupanuka, na kulegea kwa nusu milimita katika kila ncha ya shokomzoba ni mwendo ambao mafuta hayautawali hata kidogo.

Pete za mpira zibadilishwe zote kwa pamoja, katika shokomzoba zote, hata kama ni moja tu inayovuja, kwa kuwa zimezaliwa siku moja na zimepita vumbi moja. Kuosha kwafaa kufanywe kwa uangalifu, maana dawa kali za kusafishia mota na breki huvimbisha mpira na hudhoofisha baadhi ya plastiki. Kabla ya kupitisha fimbo katika pete mpya, hesi zake zipakwe mafuta au grisi laini ya silikoni, kwa sababu makali ya hesi hukata mpira kimyakimya, na shokomzoba ikaanza kuvuja ingali juu ya meza.

Kujaza mafuta ndiko kunakohitaji subira kuliko yote. Pistoni ivutwe chini kabisa, mafuta yamiminwe hadi karibu na ukingo, kisha fimbo ipandishwe na kushushwa polepole, pasipo kuitoa pistoni juu ya mafuta, mpaka mapovu yaache kutoka. Halafu shokomzoba iachwe imesimama wima kwa dakika kadhaa, kwani vipovu vidogo hupanda kwa kujikokota, hasa katika mafuta mazito. Utando wa juu uwekwe kwa kuulaza kutoka upande mmoja ili hewa itokee upande wa pili, kifuniko kikazwe, na fimbo isukumwe hadi mwisho na kuachiwa: urefu itakaojitokeza nao yenyewe, uwe mdogo au uwe mkubwa kwa kadiri ya kupenda kwa mwendeshaji, ni lazima ulingane katika jozi moja. Na urefu wa shokomzoba iliyonyooka upimwe kwa kalipa, si kwa kukadiria kwa jicho. Mafuta nayo yasichanganywe ya kampuni mbili kwa kufuata namba iliyoandikwa chupani, kwa maana mafuta ya namba 30 ya Team Associated ni sentistoki 350 (sentistoki ndiyo kipimo halisi cha uzito wa mafuta), ilhali namba hiyo hiyo katika chupa ya kampuni nyingine yaweza kuwa na kipimo kingine. Aaminiye sentistoki hataabiki.

Kuna ulimwengu mdogo wa watu wanaonunua bagi kuukuu za miaka ya themanini, wakazifufua, na bei zake zimepanda pamoja na hamu yao. Ukiwa mmoja wao, usianze kwa kuulizia mota wala kuvutiwa na ganda lililopakwa rangi upya: omba ruhusa ya kuondoa springi zote nne, sukuma kila fimbo, ipitishie ukucha wako, tazama ukutani mwa silinda kama kuna michirizi; na silinda ikiwa imelika, hesabu gharama ya kuipata nyingine kabla ya kutoa fedha, kwa sababu pete na fimbo hununulika hata leo, lakini silinda za asili za vigari hivyo ni adimu.