Mifumo 63 na Kalenda ya Bosi

Mwaka 2011 serikali ya Canada iliunda taasisi iitwayo Shared Services Canada na kuikabidhi mitambo ya kompyuta ya idara 43. Barua pepe ilikuwa miongoni mwa kazi zake kubwa za mwanzo. Idara hizo zilikuwa na mifumo 63 ya barua pepe, kila mmoja na seva zake, domeini yake na mazoea yake. Ikaamuliwa ubaki mfumo mmoja, na anwani zote ziishie na canada.ca. Juni 2013 kampuni za Bell na CGI zikapewa mkataba wa takriban dola milioni 400 za huko, na tarehe ya mwisho ikatajwa: 31 Machi 2015. Tarehe ikapita kazi ikiwa mbali na kumalizika. Novemba mwaka huohuo uhamishaji ukasimamishwa.

Kwenye karatasi, mradi wa aina hii ni hesabu ya kugawanya: masanduku kadhaa kwa usiku, wikiendi kadhaa, basi. Shida ni kwamba seva yenyewe haihami. Ukishasimika Microsoft Exchange, inayotumika katika maofisi mengi, kwenye mashine iliyo ndani ya domeini fulani, huwezi kuibadilisha jina wala kuipeleka domeini nyingine. Unajenga seva mpya upande wa pili, unahamisha masanduku kundi kwa kundi, na kwa majuma au miezi unalisha mifumo miwili: leseni mara mbili, nakala rudufu mara mbili, mafundi wale wale. Kipindi hicho cha kati, kwa maoni yangu, ndicho mradi wenyewe, lakini andiko la mradi hukipa mstari mmoja.

Mfikirie mhasibu ambaye sanduku lake limehamishwa Jumamosi. Jumatatu barua ya mteja wa nje inamfikia bila tatizo. Mwenzake wa meza ya pili anaandika herufi tatu za jina lake, programu inamalizia kama ilivyozoea, anatuma, na barua inarudi: mpokeaji huyo hayupo. Yupo, anakunywa chai hapo hapo. Sababu ni kwamba wafanyakazi wa mfumo mmoja wanapoandikiana, Exchange haitegemei anwani yenye alama ya @. Hutumia anwani ya ndani, ndefu, isiyoonekana, na kompyuta ya yule mwenzake imeihifadhi ile ya zamani. Dawa inajulikana: anwani hiyo ya zamani inanakiliwa na kubandikwa kwenye sanduku jipya kama anwani ya aina ya X500. Kwa anayejua, ni amri chache zinazotibu ofisi nzima. Asiyejua atashinda kutwa akiwaambia watu kwenye simu wafute majina waliyoyahifadhi.

Kuna la katibu muhtasi pia. Orodha ya wanaohama ikipangwa kwa alfabeti, bosi anaweza kwenda wiki hii na katibu wake akabaki hadi mwezi ujao. Ruhusa aliyokuwa nayo ya kufungua kalenda ya bosi mara nyingi haivuki domeini, na kufikia Jumatano vikao viwili vimegongana. Mimi ningewahoji makatibu muhtasi kabla ya kumwita mhandisi yeyote, maana wao ndio wanaojua nani anashika kalenda ya nani. Seva haitakueleza hayo kwa ukamilifu.

Mashine za kuskani na mifumo ya mishahara ni mkasa mwingine. Nyingi zimeandikiwa namba ya seva ya zamani na fundi aliyekwisha kuacha kazi, na hujulikana siku seva inapozimwa.

Mapema 2016 ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Canada kuhusu Shared Services Canada ilitolewa. Iliangalia huduma za kompyuta kwa upana, si barua pepe peke yake, na ilibaini kwamba mara nyingi taasisi hiyo haikuwekeana na idara matarajio ya wazi kuhusu huduma watakazopata. Sishangai. Idara ambayo haijaambiwa itahudumiwa vipi baada ya kuhama haina sababu ya kuharakisha kutoa orodha ya makatibu wake, wala kutuma mtu akague skana za ghorofa ya chini. Na bila orodha hizo, wikiendi zilizopangwa hazitoshi hata zikiongezwa.