MIEZI 24 YA MAMA MDOGO ILIPOTELEA WAPI?

Wiki hii naomba ruhusa niache habari za mitoko na mitindo ya nywele. Nimetoka Kwamkoro, juu kule Amani, kumsalimia mama mdogo, na nilichokikuta kimenikosesha usingizi.

Kwa asiyepajua, unashukia Muheza, unapanda gari la mlimani, unakata kona hadi masikio yanaziba. Ukianza kuona chai imetanda kama zulia na ukungu unakufuata nyuma, umekaribia. Mama mdogo amerudi huko baada ya kustaafu unesi. Ana iliki zake, ana migomba, na chini ya kitanda ana sanduku la bati. Tuanzie kwenye hilo sanduku.

Alianza kazi Januari 2007 katika hospitali moja ya mtu binafsi (jina naliweka kapuni), akatoka Desemba 2022 akiwa na miaka 60. Piga hesabu: miaka 16, yaani miezi 192. Kila mwezi slipu ilionyesha amekatwa hela ya NSSF. Basi akaenda zake kufuatilia mafao, kitenge kipya mwilini, akijua sasa ni kupumzika. Dada wa dirishani akabofya kompyuta, akamwambia: "Mama, hapa kwetu una michango ya miezi 168."

Miezi 24 haipo! Ilikatwa, lakini haikufika.

Utasema si kitu, miaka miwili tu. Ngoja nikupe darasa, maana hata mimi wa kidato cha nne nilikuwa sijui. Ili upate pensheni ya kila mwezi hadi unaingia kaburini, unatakiwa uwe umechangia si chini ya miezi 180. Ukiwa nayo 179, hupati pensheni ya mwezi, unapewa mkupuo wako mara moja na habari inaishia hapo. Mama mdogo alikuwa nayo 192 kwa jasho lake, lakini kwa karatasi alikuwa nayo 168. Miezi 12 pungufu!

Sasa twende kwenye noti. Kanuni wanayoiita kikokotoo inachukua miezi yako, inagawa kwa 580, inazidisha kwa wastani wa mshahara wako wa miaka mitatu uliyolipwa vizuri zaidi. Tuseme wastani ni shilingi 600,000. Kwa miezi 192 inakuja kama shilingi 198,600 kwa mwezi, kabla hujatoa sehemu ya mkupuo. Mwenye miezi 360 anapata kama 372,400. Na kila miezi 24 inayoyeyuka inaondoka na karibu 24,800 kila mwezi, maisha yako yote. Zidisha mwenyewe kwa miaka utakayoishi.

Wengi wetu kikokotoo tunakijua kwa kelele zake tu. Desemba 2018 Rais Magufuli alikisimamisha baada ya wafanyakazi kulia. Julai 2022 ikaja kanuni mpya, mkupuo asilimia 33 kwa wote. Mwaka 2024 serikali ikapandisha: asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata nusu zamani, na 35 kwa waliokuwa wakipata robo. Watu walibishana vijiweni kuhusu asilimia hadi chai ikapoa. Lakini asilimia 40 ya miezi ambayo haipo ni shilingi ngapi?

Kingine kinachochanganya ni mifuko yenyewe. Manesi wawili wanaweza kuwa wodi moja, zamu moja, wanashika mgonjwa mmoja, na kila mtu ana mfuko wake. Hilo utalikuta sana kwenye hospitali teule, zile za makanisa zilizofanya kazi ya hospitali ya wilaya kama ile ya Muheza. Aliyeajiriwa na serikali yuko PSSSF, mfuko uliozaliwa mwaka 2018 baada ya PSPF, PPF, LAPF na GEPF kuunganishwa. Yeye anakatwa asilimia 5, mwajiri anaweka 15. Aliyeajiriwa na mwenye hospitali yuko NSSF, iliyorithi NPF ya wazee wetu kwa sheria ya mwaka 1997. Huko jumla ni asilimia 20, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya 10. Pesa hiyo inatakiwa ifike mfukoni ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kwisha. Wa zahanati za mashamba ya chai nao ni wa NSSF.

Na wewe mdogo wangu uliyemaliza chuo cha uuguzi ukaambiwa "jitolee kwanza", unapewa posho ya nauli na unakesha zamu kama wengine? Hiyo miezi haihesabiwi popote. Sisemi uache, kazi zenyewe ziko wapi! Nasema siku ukipewa mkataba, kabla hujakimbilia kununua simu na sabufa, uliza namba yako ya uanachama. Uliza pia kama mwajiri amejisajili WCF, mfuko wa fidia ulioanza mwaka 2015. Ukichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa, huo ndio wa kukushika mkono, na mchango wake analipa mwajiri peke yake. Akikukata kwa ajili ya hiyo, anakuibia.

Turudi kwenye sanduku. Mama mdogo si mtu wa kutupa karatasi. Slipu zote 192 zilikuwemo, zimefungwa kwa kipande cha kanga, mwaka kwa mwaka. Alizibeba hadi Tanga mjini, akazimwaga mezani. Maofisa wakamwandama mwajiri, barua zikaenda, mwajiri akaleta sababu, barua nyingine ikaenda. Mwisho akaanza kulipa kidogo kidogo.

Hadi naondoka Kwamkoro, miezi 14 ilikuwa imesharudishwa. Jumlisha na ile 168, mama mdogo anayo 182. Amevuka mstari kwa miezi miwili, na pensheni imeanza kuingia.

Nikamwambia, "Mama, si basi sasa, pumzika."

Akanitazama huku anamenya ndizi. "Bado kumi," akasema. "Jumatatu nashuka Tanga."